Chai Bila Sukari ya Mzee Nzuki

Oktoba 14

Ameimwaga tena. Sio kwa hasira. Ameinamisha tu kikombe pole pole hapo nje ya mlango mpaka ikaisha, na kuku wakakuja mbio wakidhani ni chakula. Wakaonja, wakaenda zao.

"Hii umepika ni ya kuosha vidonda," Baba akasema. "Ya kunywa iko wapi?"

Mimi na Baba hatuna maneno mingi. Nilichukua kikombe nikaenda kuisuuza.

Ni hivi. Punda wetu alimkanyaga Baba mguu mwezi wa nane na Baba hakusikia. Mimi ndio niliona damu kwa kiatu. Tulipompeleka hospitali Mutomo, daktari akasema ni sukari, imekuwa kwa damu muda mrefu, imeua mguu usisikie. Akampa tembe. Akasema sukari isiposhuka kidonda haitapona, na kidonda isipopona watakata mguu. Alisema hivyo akiangalia Mama, lakini Baba ndio aliinua mkono kama mtoto wa shule akauliza, "Watakata wapi?" Daktari akaonyesha chini ya goti.

Sasa kwetu chai inapikwa na sukari ndani ya sufuria. Hakuna kusema huyu aweke, huyu asiweke. Ukimpa mgeni chai haina sukari, atasema nyumbani kwenu wamemchoka. Mama alijaribu siku mbili kupika bila sukari, akasema hawezi, mkono wake umezoea, akishika sufuria sukari inaenda yenyewe. Akaniambia, "Muli, pika wewe." Kwa hivyo chai ya Baba imekuwa kazi yangu.

Mwalimu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alisema mtu akiandika kila siku mkono unalainika. Niliacha shule darasa la tano. Naandika.

Oktoba 16

Mzee Mutisya amekuja kumwangalia Baba. Wamekuwa marafiki tangu wakichunga pamoja. Amenipata nikipuliza moto.

"Nzuki!" akaita. "Kwani umeoa tena? Naona hapa kuna bibi mwingine jikoni, ako na ndevu kidogo!"

Baba akacheka mpaka akakohoa. Hajacheka tangu mwezi wa nane, kwa hivyo niliwaacha wacheke. Niliwapelekea turungi, ile chai haina maziwa. Mzee Mutisya akaonja, akaangalia ndani ya kikombe kama mtu ameangusha kitu huko.

"Hii maji imepita karibu na majani," akasema.

"Imesalimia majani kwa mbali," Baba akasema.

Baba hakumaliza yake.

Oktoba 19

Siku ya soko. Nilienda Mutomo na punda kupeleka mbuzi ya Mama kwa Kusow, yule mnunuzi wa mifugo. Bibi yake, Qamar, ako na duka hapo mbele. Huwa napenda kusimama karibu na hilo duka kwa sababu ya harufu. Huwa nasimama tu, sinunui.

Leo aliniita. "Wewe kijana wa punda. Kila soko unasimama hapo kama mtu wa kuchunga mlango. Unataka nini?"

Maneno yalikataa kutoka. Halafu yakatoka yote pamoja. Nikamwambia mguu, daktari, kuku wamekataa chai.

Alicheka kwa ile ya kuku. Lakini hakunicheka mimi, naweza kujua tofauti.

"Walaal, ndugu yangu, umeuliza mtu mbaya," akasema. "Sisi Wasomali tunaweka sukari mpaka kijiko isimame. Lakini ngoja." Akaweka kwa kaunta iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi. Akavunja mdalasini akanipa kipande. "Tafuna. Usimeze haraka."

Nikatafuna. Kwanza ilikuwa kama mti. Halafu nyuma ya ulimi ikakuja utamu kidogo.

"Umesikia?" akasema. "Hiyo sio sukari. Ni ulimi unadanganywa. Mdanganye baba yako hivyo. Mchaichai mko nayo?"

Tuko nayo, imemea penye maji ya kuoga inamwagika. Mama huwa anaikata ikizidi.

Oktoba 20

Nimeweka karafuu mingi sana. Baba akakunywa mara moja, akashika shavu.

"Mdomo imekufa," akasema. "Muli, umenipeleka kwa daktari wa meno?"

Oktoba 22

Nimejaribu na maziwa ya mbuzi. Nilitia tangawizi mapema kabla maziwa ichemke na ikakatika yote, ikawa madonge. Mama ameikunywa hivyo hivyo ndio isipotee. Alikuwa anaitafuna akiniangalia, tukaanza kucheka.

Oktoba 25

Mawingu. Hakuna mvua.

Oktoba 27

Mawingu tena. Wenye wamepanda kwa vumbi wameanza kuogopa mbegu itaoza ama italiwa na panya. Sisi hatujapanda. Baba anakaa kwa kiti yake ukutani, mguu juu ya debe, anaangalia shamba. Najua anapanda kwa kichwa. Naona vidole vyake vikisogea.

Ile kidonda iko na harufu kidogo asubuhi. Mama anasema hakuna. Mimi nasikia.

Novemba 2

Mvua! Imeanza kabla kupambazuke vizuri na haijasimama. Nimepika chai nikiwa nimelowa.

Nitaandika venye nimepika ndio nisisahau. Maji kwanza ichemke. Mchaichai nafunga fundo, natia. Mdalasini naponda lakini sio unga. Iliki nafungua mdomo tu. Karafuu moja, haki moja! Naacha moto ikuwe kidogo, nafunika, nafungia punda mzigo, narudi. Rangi inakuwa kama ya udongo wa mto. Tangawizi ndio inaingia mwisho, na majani ya chai kidogo sana, tu ndio Baba aone ni chai. Nachuja kwa thamosi ya kijani.

Mama akapeleka thamosi kwa Baba na mimi nikaenda maji. Kurudi nikapata Baba ameshika kikombe na mikono miwili, anaangalia mvua. Kikombe ilikuwa tupu.

"Muli."

"Nau," nikaitika, venye sisi tunaita baba.

"Hii sasa ni chai."

Nilienda nyuma ya zizi nikasimama huko na mvua ikinipiga. Sijui kwa nini nilienda. Punda akaniangalia.

Novemba 3

Amemaliza.

Novemba 4

Amemaliza, akaitisha ingine. Tumepanda kunde na pojo.

Novemba 6

Mzee Mutisya amekunywa kutoka kwa thamosi ya Baba, akalamba midomo. "Bibi wa ndevu amejifunza," akasema. "Hii ni tamu kuliko ya nyumbani kwangu. Nitakuja kuposa." Nimefurahi siku yote. Nimepiga mluzi mpaka kisimani.

Novemba 7

Amemaliza.

Novemba 9

Ben wa afya ya kijiji amekuja na begi lake. Alimdunga Baba kidole, akaweka damu kwa kile kijimashine, akangoja. Akaangalia. Akadunga kidole ingine.

"Mzee, unakula nini?" akauliza.

"Nakula kama ndege," Baba akasema.

"Ndege gani? Sukari imepanda kuliko mwezi ule mwingine."

Mama alisimama akaenda kuangalia kuku. Mimi nikasema, sijui ujasiri ilitoka wapi, "Chai yake haina sukari. Napika mimi."

Ben ni mtu mzuri, hakubishana. Aliniambia pole pole hapo nje, "Chai sio dawa, Muli. Dawa ni tembe na chakula. Lakini mtu wa kunywa chai kama mzee, ukitoa sukari kwa chai umetoa kitu kubwa. Kama umetoa, basi kuna mahali ingine inaingia. Tafuta. Huo mguu hauna muda mrefu."

Kuna mahali ingine inaingia. Nimekaa na hayo maneno.

Novemba 11

Ni Mzee Mutisya. Lazima. Ako na mifuko mikubwa kwa lile koti.

Novemba 12

Nimemwangalia Mzee Mutisya siku yote. Alipoingia nikakuja na jembe, nikajifanya nafunga mpini hapo karibu. Alitoa kitu mfukoni, nikasimama. Ilikuwa tumbaku.

"Huyu kijana wako ananiangalia kama askari wa kaunti," akamwambia Baba. Halafu akanigeukia, na hakuwa anacheka. "Unadhani mimi naleta sukari kwa Nzuki?"

Nikaangalia chini.

"Hebu sikiza. Bibi yangu alikatwa mguu kwa hii ugonjwa. Mimi ndio nilikuwa nambeba kwenda choo. Unadhani naweza leta sukari hapa?"

Sikuwa najua. Bibi yake alikufa nikiwa mdogo, nilikuwa najua tu alikuwa anakaa kwa kiti siku yote. Sikuwa najua kwa nini alikuwa anakaa.

Nilisema pole. Nilisema kwa sauti ndogo sana lakini nafikiri alisikia, kwa sababu alinigongagonga begani na ule mkono wa tumbaku.

Miaka yote nimemwona kama mtu wa mzaha tu. Yeye anakuja kila siku kuangalia mguu.

Novemba 14

Mvua. Mto umejaa, hakuna gari imevuka.

Novemba 15

Mvua. Kunde imetoka.

Novemba 17

Leo naandika mingi.

Na hii mvua, sisimizi wamehamia ndani ya nyumba. Wako kwa ukuta, kwa kitanda, kwa unga. Asubuhi nilipika, nikajimwagia yangu kidogo kwa kikombe kama kawaida, nikajaza thamosi, nikampatia Mama. Lakini maji sikuenda, kwa sababu mvua ilijaza mapipa yote. Nikaenda kukata nyasi ya mbuzi hapo karibu.

Niliporudi Baba alikuwa amelala kwa kiti. Kikombe yake ilikuwa chini. Na ilikuwa nyeusi. Sisimizi. Walikuwa wamepanda ndani na nje, na laini yao ilikuwa inatoka kwa ukuta mpaka kwa kikombe bila kukatika.

Nikasimama hapo. Kikombe yangu nilikuwa nimeiacha kwa dirisha la jikoni. Nikaenda kuiangalia. Laini ya sisimizi ilikuwa inapita kando yake kabisa, karibu kuigusa. Hakuna hata mmoja alikuwa amepanda. Walikuwa wanaipita kama venye kuku waliipita.

Chai ni moja. Sufuria ni moja. Kati ya sufuria na Baba kuna mtu mmoja tu.

Nilifungua thamosi nikaonja. Ilikuwa tamu. Tamu kabisa, tamu ya zamani, ya kabla punda amkanyage. Hata Mzee Mutisya alilamba midomo akidhani ni viungo vyangu.

Kitu ya kwanza nilifikiria sio mguu wa Baba. Nitaandika ukweli. Nilifikiria: kwa hivyo hajawahi kunywa chai yangu. Ile "hii sasa ni chai" haikuwa yangu. Nimezunguka na mluzi wiki mbili kwa ajili ya kijiko cha mtu mwingine. Halafu ndio nikafikiria mguu, na nikajichukia kwamba ulikuja wa pili.

Nimemwaga thamosi. Nimemwangalia Mama akipepeta pojo na sikumjua. Huyu mama anashindwa kuchinja kuku. Anaua Baba na kijiko?

Novemba 18

Sikuweza kusema. Kwa hivyo asubuhi niliweka vikombe viwili kwa jiwe la kufulia, moja yangu ya jikoni, moja kutoka kwa thamosi baada ya Mama kuishika. Nikamwita.

"Mwaitu, kuja uone."

Akakuja na mikono yenye unga. Tukasimama. Sisimizi hawakuchukua muda. Walienda kwa moja.

Mama akakaa chini, kwa matope, na leso yake nzuri.

"Alikuwa anairudisha," akasema. "Kila siku kikombe inarudi imejaa. Hali vizuri, hanywi, mguu wenye hausikii mchana unamuuma usiku, anauma shuka ndio wewe usisikie. Nikasema, kama anaenda, aende akiwa amekunywa chai. Siku moja tu. Nikatia siku moja, ile ya mvua."

"Akasema ni chai," nikasema.

"Akasema ni chai. Na wewe ukaenda nyuma ya zizi." Akaniangalia. "Nilikuona huko, Muli. Ukarudi ukipiga mluzi. Wewe hujapiga mluzi tangu uache shule. Sasa nitaacha kutia aje? Nikiacha, ataimwaga, na wewe utajua."

Nilikuwa nimekuja na hasira mingi, na haikuwa na mahali pa kukaa.

"Ben alisema mguu hauna muda," nikasema.

"Nilisikia. Nilikuwa kwa kuku lakini nilisikia." Akaanza kulia bila sauti. "Mkono unaenda wenyewe, nilikuambia. Nilikuambia tangu mwanzo."

Kweli aliniambia. Nilidhani ni maneno tu.

Nilikaa na yeye kwa matope.

Novemba 20

Baba ameshikwa na homa. Mguu umekuwa wa rangi ingine mpaka kwa kifundo. Mto bado umejaa. Mama hali.

Novemba 21

Nimevuka. Sijui niandike aje.

Asubuhi Baba alikuwa anaongea na watu hawako. Mzee Mutisya akasema hatungoji mto. Nilipiga simu kwa Kusow, mimi, ambaye huwa sipigi simu, nikamwambia alete pikapu upande ule. Akasema, "Inshallah niko hapo." Tukang'oa mlango wa jikoni, tukamfunga Baba juu yake, tukambeba. Vijana wanne wa jirani na Mzee Mutisya, mzee kabisa, akishika mbele. Maji ilikuwa kwa kifua. Mchanga ilikuwa inatoka chini ya miguu. Katikati ya mto Baba akafungua macho akauliza, "Ni mvua?" Nikasema ndio. Akasema, "Pandeni basi," akafunga macho.

Kusow alikuwa ameingia majini mpaka magoti na kanzu yake. Alishika upande wa mlango bila kuuliza kitu. Huko kwa pikapu Qamar alikuwa ameweka godoro.

Novemba 22

Tuko hospitali Mutomo. Wamekata vidole viwili vya mguu. Daktari amesema wamesafisha, sasa wanangoja. Kama nyama itakuwa nyekundu, mguu utabaki. Kama itakuwa nyeusi, wataenda kule chini ya goti. Watafungua bandeji Alhamisi.

Novemba 24

Homa imeshuka. Baba anajua mahali ako. Mama amerudi nyumbani kwa mbuzi, nimebaki na Baba kwa wodi.

Walileta chai ya saa nne. Yake haina sukari, wameandika kwa kitanda. Akainusa, akaiweka.

"Hii haijui hata iliki ni nini," akasema.

Nikaona ni leo ama sio tena. Nikaangalia dirisha ndio niweze. "Nau, ile ya nyumbani. Ilikuwa na sukari."

"Najua."

Niligeuka.

"Nimekunywa kijiko cha mama yako tangu kabla uzaliwe," akasema. "Nitakosa kukijua?"

"Na ukakunywa!"

"Alikuwa anafurahi. Na wewe ulikuwa unapiga mluzi kama ndege ya mtama. Nikaona mguu ni moja, nyinyi ni wawili." Alijaribu kucheka. Haikufika. "Halafu pia ilikuwa tamu, Muli. Sitakudanganya. Ilikuwa tamu sana."

Mtu wa kitanda kile kingine alikuwa anakoroma.

Kila mmoja wetu alikuwa anampendeza mwingine, na wote tulikuwa tunakanyaga mguu mmoja. Hivyo ndivyo nimefikiria. Sikumwambia.

Baadaye akasema, kama mtu anaongea na blanketi, "Hiyo yako yenyewe, sijawahi kuionja vizuri. Ile ya kabla ya mkono wa mama yako. Siku wanafungua mguu, niletee hiyo. Na ukae hapo. Sitaki kuangalia peke yangu."

Baba hajawahi kuniambia nikae mahali.

Novemba 26

Nimelala nyumbani. Nimemwambia Mama yote. Alisikiza akichambua pojo. Mwishowe akauliza, "Alisema alijua?" Nikasema alijua. Akaendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa nzuri na kubakisha mbovu.

Novemba 28, Alhamisi

Asubuhi nilipata Mama ameamka kabla yangu, moto iko tayari. Alikuwa ameshika sufuria.

"Leo napika mimi," akasema. "Kaa hapo uangalie mikono yangu."

Nikakaa kwa kigoda. Alifunga mchaichai fundo, akaponda mdalasini, akafungua iliki mdomo. Karafuu moja. Hakuniuliza hata mara moja, kumbe alikuwa ananiangalia siku zote. Mkebe wa sukari ulikuwa hapo kwa rafu. Wakati wa kuchuja, mkono wake wa kulia uliinuka kidogo, wenyewe, kama alivyosema. Akauona. Akauweka chini ya kwapa na akachuja na wa kushoto. Nusu ya chai ilimwagika.

Kabla afunge thamosi alijimwagia kikombe, akanywa. Akakunja uso. Akanywa tena. Aliimaliza yote akiniangalia, akasema, "Mungu wangu, hii kitu ni mbaya," halafu akasema, "ngoja," akalamba nyuma ya meno. "Ngoja. Kuna kitu inakuja nyuma."

Nikamwambia hiyo ni mdalasini.

Sasa ako nje, anafunga thamosi na leso yake, fundo juu ya fundo. Nasikia honi upande ule wa mto. Ni Kusow. Maji imeshuka lakini huko juu mawingu ni meusi tena, na hawezi kungoja. Bandeji inafunguliwa leo asubuhi na nilimwambia Baba nitakuwa hapo, nitakaa. Wacha niende, kwa sababu hii chai ikipoa njiani atasema ni ya kuosha vidonda.